Rangi yako na fomu ya chuo cha Marekani

Tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ikataze vyuo kuzingatia rangi ya mwombaji wakati wa kuchagua wanafunzi, katika uamuzi wa tarehe 29 Juni 2023, maneno yameenea huku Nyanda za Juu Kusini kwamba Mwafrika hana chake tena kwenye vyuo vikubwa vya kule. Kijana wa Mbeya au Iringa mwenye Divisheni One nzuri anaacha hata kufungua fomu. Inauma sana, maana anajinyima mwenyewe nafasi ambayo uamuzi ule haukumnyima.

Uamuzi ule ulivihusu Chuo Kikuu cha Harvard na cha North Carolina. Kabla yake, sheria ilishapita hatua kadhaa. Mwaka 1978 mahakama ilikataza kutenga viti kwa rangi (shule ya udaktari ya Davis, California, ilikuwa imetenga 16 kati ya 100) lakini ikaruhusu rangi iwe kigezo kimojawapo. Mwaka 2003 ikakikataza Chuo Kikuu cha Michigan kuwapa waombaji pointi 20 za moja kwa moja kwa sababu ya rangi, huku ikikubali utaratibu wa shule ya sheria ya chuo hichohicho, iliyokuwa ikimpima kila mwombaji kwa ujumla wake. Mwaka 2023 hata hilo likaondolewa. Walioumia ni Wamarekani weusi: kwenye chuo cha MIT walishuka kutoka wastani wa asilimia 13 ya wanafunzi wapya hadi 5 kwa walioingia 2024, na kwenye chuo cha Amherst kutoka 11 hadi 3. Mimi naona ni hasara, kwa wanafunzi hao na kwa vyuo vyenyewe.

Lakini wewe unayeomba kutoka Tukuyu au Mafinga hesabu yako iko kwingine. Ukiingia kwa visa ya mwanafunzi, takwimu za serikali ya Marekani hazikuandiki kwenye kundi la weusi. Unaandikwa kundi la wasio wakaazi, pamoja na Mchina na Mjerumani. Kinachowakwamisha wengi wetu ni ada. Vyuo vingi humtazama mgeni kwa uwezo wake wa kulipa, na ukiomba msaada mkubwa nafasi yako inapungua. Vichache, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, haviangalii hilo wakati wa kukuchagua. Weka angalau kimoja cha aina hiyo kwenye orodha yako, ila ujue ushindani wake ni mkali mno.

Kwenye Common App, fomu moja ya mtandaoni inayotumika kuomba vyuo vingi, swali la rangi ni la hiari, na chuo kinaweza kuchagua kufichiwa jibu lako. Jaza au acha. Ukiacha hupotezi kitu. Pa kuwekea nguvu ni kwenye insha, isiyozidi maneno 650. Mahakama ilisema wazi kwamba mwombaji anaweza kueleza jinsi rangi ilivyogusa maisha yake, mradi aihusishe na tabia au uwezo wake yeye binafsi. Kwa hiyo sentensi kama “Mimi ni Mwafrika mweusi kutoka familia maskini” haikusaidii: haisemi lolote ambalo mwenzako hawezi kuliandika. Linganisha na binti anayeeleza kwamba alipima magunia ya viazi ya lumbesa, akapiga hesabu ya kilo ambazo mkulima anatoa bila kulipwa, kisha akamwonyesha baba yake namba zile kabla dalali hajafika. Hapo msomaji anamwona mtu na akili yake. Usiazime umaskini usio wako kwa kudhani ndio wanaoutaka; wasomaji hao husoma insha nyingi sana, na ya kubuni haijifichi.

Kuna jambo dogo linaloharibu fomu nyingi kimyakimya. Kwenye Kidato cha Sita cha NECTA, 76 ni B na A inaanzia 80. Kidato cha Nne A inaanzia 75. Kwa Mmarekani 76 ni C. Mwambie mwalimu wa taaluma aambatanishe jedwali la madaraja pamoja na ripoti zako za Kidato cha Tatu hadi cha Sita, zenye mhuri, na zitumwe kwa barua pepe ya shule, si ya kwako.

Halafu angalia kalenda. Mtihani ni Mei, matokeo Julai, fomu hufunguliwa tarehe 1 Agosti, na vyuo vingi hufunga siku za mwanzo za Januari. Katikati hapo kuna JKT kwa mujibu wa sheria, na kambini huna muda wa kumtafuta mwalimu kwa simu. Barua za mapendekezo ziombe kabla ya Mei, na chukua barua pepe na namba ya kila mwalimu atakayekuandikia, maana akihamishwa wakati wa likizo shule inaweza isijue pa kumpata.