Jinsi nilivyomsaidia binti yangu kujifunza kusoma katika shule ya msingi Uingereza

Kitabu cha kwanza alichorudi nacho binti yangu kutoka shuleni hakikuwa na neno hata moja. Picha tupu, toka jalada hadi mwisho. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza Reception, darasa ambalo watoto wa England huanza mwezi Septemba wakiwa wameshatimiza miaka minne. Mkobani mlikuwa pia na daftari dogo la mzazi kuandika kila mtoto anaposoma nyumbani: kasoma nini, kakwama wapi, kapendezwa na nini.

Mimi nimejifunza kusoma Tanga, kwa ba be bi bo bu, darasa zima tukiitikia huku fimbo ya mwalimu ikipita ubaoni silabi baada ya silabi. Sikuwa na shaka na njia ile, ilitufaa. Lakini niliona kama nataka kumsaidia mtoto nyumbani, ni lazima nijue huko darasani wanapitia njia gani.

Shule ilituita wazazi asubuhi moja kutuonyesha foniksi, yaani njia ya kufundisha kusoma kwa kuanzia sauti za herufi. Kiingereza kina herufi 26, lakini kina sauti zipatazo 44, na mtoto huanza na sauti kabla ya majina ya herufi. Zilizotangulia zilikuwa s, a, t, p, i, n, na si kwa bahati: kwa hizo sita tu mtoto anaweza kusoma sat, pin, tap, nap. Wiki chache tu shuleni, naye ameshasoma neno zima mwenyewe. Mpango huo niliupenda palepale.

Jambo moja alilosisitiza mwalimu siku ile lilinilenga mimi hasa. Sauti ya m ni "mmm", midomo imefungwa, basi. Si "ma", si "mu". Ya s ni "sss", na ya t inakatwa kwa ncha ya ulimi bila kufuatwa na chochote. Sisi tuliolelewa na silabi tumezoea konsonanti kuambatana na irabu yake, na maneno yetu karibu yote huishia na irabu. Mtoto akiingiza irabu hiyo katika Kiingereza, cat itakuwa "kati", na akijaribu kuunganisha sauti hatalifikia neno. Basi jioni, tukishakula, tulisimama mimi naye mbele ya kioo tukitazamana midomo. Nilijifunza pamoja naye, na alifurahi sana kunisahihisha.

Baadaye niliomba kwenda darasani kusikiliza watoto wakisoma. Shule nyingi hupokea wazazi wa kujitolea, ila kwanza rekodi yako huchunguzwa kama huna makosa ya jinai, na kwa kuwa ni watoto, naona ni haki kabisa. Nilichokiona pale kilinifundisha kuliko karatasi yoyote. Watoto wanakaa chini kwenye zulia, kila mmoja na kijiubao chake cheupe na kalamu ya kufutika. Mwalimu anatamka neno, wao wanalihesabu kwa vidole sauti moja moja, wanaandika, kisha wote kwa pamoja wanainua vijiubao juu. Kwa kutupa jicho mara moja mwalimu anajua nani kapata na nani anahitaji kukaa na mwalimu msaidizi baadaye. Hakuna anayeitwa mbele peke yake.

Pale ndipo nilipoona vitufe vya sauti. Chini ya kila herufi inayotoa sauti yake yenyewe wanaweka nukta. Chini ya herufi mbili au tatu zinazoshirikiana sauti moja wanachora mstari. Neno ship lina mstari chini ya sh, nukta chini ya i na nukta chini ya p. Night ina nukta, mstari mrefu chini ya igh, kisha nukta. Mtoto anagusa kila kitufe akitamka, halafu anapitisha kidole chote akiunganisha. Nilianza kuchora vitufe hivyo kwa penseli kwenye karatasi zetu nyumbani, na mambo yakaenda kasi.

Na hapa wazazi wenzangu wa Kiswahili nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu tuna mtaji tusioutumia. Sh tunayo katika shule, ch katika chai. Ng ya mwisho wa sing ni ile ile ya ng'ombe. Na ile th inayowatoa jasho wengi, sisi tunazo zote mbili: ya thin ni ya thelathini, ya this ni ya dhahabu. Binti yangu alizipata siku ile ile. Kwetu ugumu uko kwenye irabu, maana tuna tano tu, na Kiingereza kinatofautisha ship na sheep, full na fool. Huko ndiko tulikotumia muda mwingi, na hata sasa bado tunarudi.

Ilipofika mwaka wa kwanza, unaofuata Reception, karatasi zilianza kuja na maneno yasiyo na maana yoyote, kila moja na picha ya kidudu cha ajabu pembeni. Wazazi wengine walinung'unika: mtoto asome upuuzi wa nini? Mimi nilielewa. Ba be bi bo bu nayo haikuwa na maana yoyote, na bado ndiyo iliyotufungulia mlango. Neno la kubuni haliwezi kukaririwa wala kubahatishwa kwa kutazama picha, kwa hiyo linaonyesha kama mtoto kweli anasoma. Ndiyo maana yamo katika upimaji wa foniksi unaofanyika England mwezi Juni, ulioanza 2012: maneno 40, nusu ya kweli na nusu ya kubuni, mtoto na mwalimu wake wawili tu, dakika chache. Kiwango cha kufikia mara nyingi huwa 32, na asiyefikia hupimwa tena mwaka wa pili. Harudishwi darasa. Nilimwambia binti yangu kwamba atakaa na mwalimu wasome pamoja, sikuongeza neno, na alitoka kama aliyetoka kucheza.

Wakati wote huo hatukuacha Kiswahili. Nilimuuliza mwalimu wake waziwazi kama kitamchanganya, akanijibu tuendelee, tena tusome. Kwa Kiswahili alisoma haraka mno, kwa sababu kwetu herufi haibadilishi tabia: ukishaijua a, umeijua popote utakapoikuta. Siku ya Vitabu, ambayo Uingereza huwa Alhamisi ya kwanza ya Machi na watoto huenda shuleni wamevaa kama wahusika wa hadithi, alikwenda na masikio marefu ya kadibodi akiwa Sungura, akawasimulia wenzake alivyomlaghai Fisi. Mwalimu alimwachia nafasi yote aliyoihitaji.

Sasa yuko mwaka wa pili na kazi imegeukia kuandika, ambako Kiingereza ni kigumu zaidi. Sauti moja ya see inaandikwa pia kama katika sea, me na these, na hakuna kanuni inayotosha kuamua ni ipi. Tunaandika kila kundi la maneno kwenye kadi za rangi yake, tunazibandika kwenye mlango wa friji, na kila Ijumaa tunabandua zile alizoziweza na kuweka mpya. Zile korofi, kama said na because, tumeziacha kwanza zikae. Mama mmoja Mkongo wa darasa lile lile ameniomba tukae naye na mwanawe Jumamosi, na nimeshakata kadi za ziada.