Siku yangu Lubumbashi: gauni 24 na mega chache

Saa 10 alfajiri

Umeme umerudi. Swichi ya sebuleni huwa naiacha imewashwa makusudi, taa ikiwaka iniamshe. Nachomeka betri kubwa, simu mbili na kompyuta, kisha napandisha kwenye seva faili nilizomalizia gizani jana. Mimi nasanifu tovuti, na anayenipangia ratiba ni umeme kwanza, wateja baadaye. Saa hizi hata intaneti inakimbia, kwa kuwa mtaa mzima umelala.

Saa 3 asubuhi

Nimekwisha kunywa chai na mikate ya kukaanga ya jirani. Mteja wa Kinshasa anapiga. Kwao ni saa 2. Nchi moja, lakini sisi tuko mbele kwa saa nzima. Anataka namba ya simu ibadilishwe kwenye ukurasa wake wa kwanza. Dakika tano, imekwisha.

Saa 4

Sasa kazi yenyewe. Ni ya mama mmoja fundi cherehani na wenzake saba, wanaoshona nguo za vitenge Kenya. (Ndugu zangu wa Nairobi, Kenya yetu ni komuni ya hapa Lubumbashi, na soko lake linajulikana mji mzima.) Wamenitumia picha 24, kila moja megabaiti 4 na nusu hivi. Nikiziweka zilivyo, ukurasa mmoja utakula mega 108. Mtu anayenunua nguo hizi hununua mega zake za siku, kidogo kidogo kama chumvi. Zitamwishia kabla hajafika gauni la nne. Kwangu mimi huo ni wizi, hata kama hakuna aliyekusudia kuiba.

Nazishika moja moja. Ya kwanza ni gauni la kijani lenye maua ya manjano. Picha ina upana wa pikseli 4,000, na mimi nataka 720 tu, zinazotosha simu nyingi za mtaani. Nakata ukuta uliobaki pembeni, napunguza upana, nahifadhi kwa muundo wa WebP, unaofanya picha iwe nyepesi. Halafu nashusha ubora polepole, jicho likiwa kwenye pindo la chini. Kwenye 80, ncha za maua bado kali. Kwenye 60, bado. Kwenye 40 manjano inaanza kuingia ndani ya kijani, kama kitambaa kilichochuja kwenye maji ya moto, na fundi aliyeshona gauni lile hastahili aibu hiyo. Narudi 60. Kilobaiti 62.

Mpaka saa 6 kasoro nimezimaliza. Zote 24 hazifiki mega 2, tena zile za chini hazipakuliwi mpaka kidole cha msomaji kizikaribie.

Kinachobaki ni rangi. Wanataka maandishi yawe ya shaba, na nawaelewa: mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Nimeweka rangi ya shaba, msimbo wake #B87333, juu ya nyeupe, nikapima utofauti wa mwanga kati ya hizo mbili: 3.8 kwa 1. Mwongozo wa W3C, shirika la viwango vya wavuti aliloanzisha mwaka 1994 Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti wenyewe, unataka maandishi ya kawaida yasipungue 4.5 kwa 1, ili hata mwenye macho dhaifu asome. Naikoleza hadi #A0602A, inafika karibu 5. Bado ni shaba, ila ni shaba iliyopita katika mikono mingi.

Saa 7 mchana

Bukari (ugali wetu), sombe (kisamvu), samaki. Kompyuta nimeifunga. Chakula cha dada yangu hakiliwi mbele ya skrini.

Saa 9

Napanda pikipiki kwenda Kenya. Kabla ya kufika kwa mama fundi napita kwa mzee mmoja anayeandika kuta za maduka. Sipiti barabara yake bila kusimama. Mji wetu umelea watu wa brashi tangu zamani: mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana ambamo walichora Pilipili Mulongoya, Mwenze Kibwanga na Bela Sara, yule aliyepaka rangi kwa vidole. Miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu akaichora historia nzima ya nchi. Mzee wangu hana jina kwenye makumbusho, lakini herufi zake zimenifunza zaidi kuliko kozi zote nilizolipia.

Leo anaandika CHAKULA TAYARI kwenye ukuta wa bluu. Amevuta uzi wenye chaki ukaacha mistari miwili, juu na chini. Kwenye TAYARI anasimama. Bega la T linaacha uwazi chini yake, mguu wa A unakimbilia kushoto, Y inafanya vilevile kwa upande wake.

"Baba, kwa nini umeisogeza A mpaka chini ya bega la T?"

"Nikiiacha mbali neno linapasuka, binti yangu. Mtu atasoma T, halafu AYARI."

Hatumii rula. Anaweka brashi juu ya kopo, anavuka barabara, anasoma kutoka ng'ambo, kule abiria wa teksi watakakoonea. Anarudi, anafuta mguu wa Y kwa kitambaa, anauweka upya upana wa kucha kulia. Anavuka tena.

Saa 10 na nusu

Dukani kwa mama sifungui kompyuta. Naomba simu yake, ile yenye kioo kilichopasuka pembeni, nasimama naye nje kwenye jua. Ukurasa unafunguka kabla hajamaliza kumsalimia mpita njia. Maandishi ya shaba yanasomeka. Ananyamaza kwenye gauni la kijani, analikuza kwa vidole viwili, anatafuta pindo.

"Ndiyo yenyewe," anasema. Halafu kidole kinakwama kwenye kitufe. "Mwanangu, *Weka kwenye kikapu* ni nini? Kikapu gani? Mimi siuzi nyanya."

"Ni kule mteja anakochagulia, mama."

"Mteja wangu akipenda nguo anasema *nataka hii*."

Ana haki. Neno la kikapu nililichukua kwenye maduka ya nchi za mbali bila kulifikiria. Nalibadilisha palepale kwa simu yangu: *Nataka hii*. Anabonyeza bila kuniuliza.

Saa 1 usiku

Umeme umekatika tena, nafanya kazi kwa betri. Kichwa cha ukurasa kinasema VITENGE VYA KENYA. Nimekitazama wiki mbili bila kuona tatizo, leo silali nacho: VYA ina uwazi katikati, V na Y na A kila moja inajitenga na mwenzake. Nazivuta kwa sehemu ndogo sana za upana wa herufi, naweka simu juu ya kabati, narudi nyuma mpaka mlangoni kusoma. Nazivuta tena. Safari ya tatu neno linashikana.

Saa 3 usiku

Mama amemtumia dada yake wa Likasi kiungo, na ananipelekea jibu lililorudi: "Ile ya kijani nimeiona vizuri. Ya mtoto wa miaka sita iko?"

Saizi za watoto hatukuziweka popote. Betri ina asilimia 31. Nafungua faili.