Tulivyokula Kifaransa Bagamoyo kwa Chini ya Laki Moja

Kazi yangu ni kutembeza wageni Bagamoyo: magofu ya Kaole, Mji Mkongwe, Misheni, kisha ufukweni. Ikifika saa ya kula nawafikisha kwenye hoteli moja yenye mpishi Mfaransa, halafu natoka kukaa nje na madereva. Jina la hoteli nalihifadhi, isije ikaonekana nimelipwa. Siku zote nilijua mle ndani si pa watu wa kipato changu, mpaka nilipoanza kuchungulia bili za wageni wangu.

Waliokuwa wakitoka wananung'unika ni wale waliokwenda usiku na kuagiza kimoja kimoja kutoka kwenye menyu kubwa. Samaki peke yake 55,000, supu mbali, kitindamlo mbali, mvinyo ndiyo usiseme. Wafaransa wenyewe huja mchana. Hawafungui hata hiyo menyu kubwa. Wanauliza menyu ya siku, yaani vyakula viwili au vitatu kwa bei moja iliyokwisha kupangwa, wanakula kilichopo, wanaondoka wameshiba.

Kwao si jambo geni. Pale Paris, mchinja nyama Baptiste-Adolphe Duval alianza mwaka 1855 kuwauzia wafanyakazi wa soko la Les Halles supu na nyama kwa bei ya chini. Mgahawa wa Chartier ulifunguliwa mwaka 1896 kwa mtindo huohuo, na mpaka leo watu wanapanga foleni mlangoni. Hesabu yake ni rahisi: vyakula vichache, mpishi ananunua kilichojaa sokoni asubuhi, na meza hazikai bure mchana.

Masika yalipoingia wageni wakaadimika, na hoteli ikashusha menyu ya mchana hadi 38,000 kwa vyakula viwili. Nikasema sasa ndiyo wakati. Nimpeleke shangazi yangu, aliyenisomesha kwa samaki wa kukaanga, ila laki moja isivunjike yote.

Nilipiga simu siku moja kabla, na ninaona simu ile ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko kitu kingine chochote. Kwanza kodi. Zipo hoteli zinazoandika bei halafu mwishoni zinakubandika asilimia 18 ya VAT na ada ya huduma juu yake. Kwa watu wawili, 76,000, kodi peke yake ingekuwa 13,680. Ufaransa tangu mwaka 1987 bei iliyoandikwa lazima iwe na huduma ndani yake; huku kwetu uliza mwenyewe. Dada aliyepokea akasema bei imejumuisha kila kitu. Nikamwomba anitumie menyu kwa WhatsApp, iwe ushahidi.

La pili lilikuwa mvinyo na nguruwe. Mapishi ya Kifaransa hutia mvinyo kwenye michuzi mingi, na vipande vya nguruwe hujificha hata ndani ya saladi isiyo na dalili. Wapo watakaokwambia pombe ikichemka inaruka yote. Hairuki yote: mchuzi uliotokota nusu saa hubaki na karibu theluthi ya pombe iliyotiwa. Dada akaenda jikoni, akarudi na jibu zuri. Sosi ya siagi ya samaki wa kesho huanza na kitunguu kidogo kilichokatwa-katwa, kinachochemshwa ndani ya siki na mvinyo mweupe hadi kikaribie kukauka, ndipo siagi baridi inaingizwa kipande kwa kipande huku inakorogwa bila kupumzika. Mpishi angeweza kuweka limau mahali pa mvinyo, mradi ajue mapema. Ukilisema hilo mezani, sosi imekwisha kuanza na hakuna wa kuitoa mvinyo.

Mlangoni mhudumu aliponiona akauliza, "Kaka, wageni wako wangapi leo?" Nikamwambia mgeni ni mimi, na huyu hapa shangazi. Akapiga "Shikamoo mama" ya nguvu, akatupa meza ya upande wa bahari. Sikuwa nimetarajia.

Menyu ilikuwa uchague: supu na samaki, au samaki na kitindamlo. Mimi nikachukua ya kwanza, shangazi ya pili, tukaweka kila kitu katikati. Kwa hiyo tulionja vyakula vitatu kwa bei ya viwili, na hakuna aliyetutazama vibaya. Mkate ulikuja bila kuagizwa, na ulipokwisha ukaja mwingine, haulipiwi. Shangazi akaumega kwa mkono akiniangalia kama nitaona haya. Ndivyo unavyoliwa, nikamwambia. Hao Wafaransa wakiwa nyumbani hupangusa nao sahani.

Supu ilikuja kwenye sahani ya shimo, nyekundu iliyoiva, nzito, haina hata mwiba. Pembeni palikuwa na vipande vya mkate mkavu, jibini iliyokunwa, na kibakuli cha mayonezi yenye kitunguu saumu na zafarani. Asili yake ni wavuvi wa Marseille: samaki wadogo na vichwa vilivyokosa mnunuzi huchemshwa na nyanya, vitunguu na shamari, kisha vyote husagwa na kuchujwa. Shangazi akaonja kijiko kimoja, akatulia, akaonja cha pili.

"Hapa kuna kichwa cha chewa," akasema.

Mhudumu akaenda kuuliza. Akarudi anacheka: chewa kweli, na changu wawili.

Kwenye samaki ndipo palipokuwa na kazi. Kilikuwa kipande cha kolekole, ngozi imekaangwa hadi inalia ukiigusa na kisu, sosi imezunguka chini. Shangazi akakisukuma kwa uma, nyama ikaachana tabaka kwa tabaka, katikati bado inang'aa. "Mwanangu, huyu hajaiva." Nikamweleza kwamba wenzetu humtoa motoni mapema, joto lake lenyewe limalizie. Akanisikiliza hadi mwisho, akasukuma sahani. Mhudumu akairudisha jikoni bila kununa, ikaja imeiva kwa kiwango cha Bagamoyo. Mimi wangu nilimla vile vile, na nitasema kweli: alikuwa laini, ana maji yake, na siagi yenye limau ilimfaa kuliko ukwaju. Shangazi hakubaliani na sentensi hiyo.

Kitindamlo kilikuwa krimu ya viini vya mayai na vanila, juu sukari iliyochomwa ikawa ngumu ya kuvunja kwa kijiko. Tamu mno kwangu. Shangazi alimaliza.

Maji chupa kubwa 4,000, bahashishi 5,000 mkononi mwa mhudumu, jumla 85,000. Kahawa haimo kwenye menyu ya mchana, ni 8,000 kwa kikombe, kwa hiyo tuliiacha tukaenda kuinywa Mji Mkongwe, kahawa chungu na kashata, sarafu tu. Hapo barazani nikawaambia wazee kwamba mapadre Wafaransa wa Roho Mtakatifu, waliofika hapa mwaka 1868, walileta mti wa mbuni kutoka kisiwa cha Réunion wakaupanda Misheni, na kutoka hapa ukapelekwa Kilimanjaro. Mzee mmoja akaweka kikombe chini. Kahawa ni ya Waarabu, akasema, tangu babu zake wanaikuta. Nikamwambia ya kunywa sawa, mimi nazungumzia ya kupanda. Shangazi akawa upande wa mzee.