Jiwe la Pijo

Mvua ya juzi imelifufua doa. Kila masika ni hivyo: simiti ya mbele ya nyumba ikishalowa, mafuta yanapanda kutoka huko yalikojificha, yanatandaza rangi za upinde wa mvua hadi mlangoni kwa mpangaji wa chumba cha kwanza. Binti yangu alichuchumaa hapo na kijiti, akachora, kisha akauliza, "Hii ni ya Probox?"

Nikamwambia Probox, gari letu la sasa, haivuji.

"Basi ni ya gani?"

Babu yake alikuwa kibarazani akimenya chungwa. Akanitangulia kujibu: "Muulize baba yako aliiuza pesa ngapi."

Zaidi ya miaka kumi, na bado.

Mnaoijua nyumba yetu ya Section 58, Nakuru, mnajua shida ilikuwa wapi. Baba alipojenga vyumba vya kupangisha upande wa kushoto, uwanja ukabaki wa gari moja. Si moja na nusu. Moja, na hapo ilikuwa imelala Pijo, yaani Peugeot 504 ya safu tatu za viti, gia kwenye usukani, ambayo mzee aliiendesha kama gari la abiria kati ya Nakuru na Kisumu miaka ya themanini. Ndiyo iliyonilipia karo. Alipostaafu alinikabidhi, tukabadilisha hadi logibuku, ile hati ya umiliki, ikasoma jina langu, lakini ufunguo mmoja haukuwahi kutoka mfukoni mwake. Kila asubuhi aliiwasha, ati betri isilale.

Mwaka wa 2014 nikashikwa na wazimu wa Mazda RX-8. Nilikuwa sina mtoto, nina malimbikizo ya mshahara, na nina simu yenye picha. Ya mwaka 2007, nyekundu, kutoka Japani, ndani ya ile miaka minane ambayo sheria inaruhusu. Milango ya nyuma inafunguka kinyume kama kabati la vyombo. Injini ya rotari: hakuna pistoni za kupanda na kushuka, ni rota mbili za pembe tatu zinazunguka tu. Nilimweleza baba haya yote nikichora kwenye bahasha. Akasikiliza vizuri, kisha akauliza ukubwa wa injini.

"Lita moja nukta tatu."

"Hiyo si ni kale kagari ka Toyota, Starlet?"

Nikajitetea. Nikamwambia hili ni gari la mashindano. Hapo nilikosea, kwa sababu mzee ana mbio zote za magari za Safari Rally kichwani. Akaanza na Bert Shankland wa Tanzania, aliyeshinda 1966 na 1967 akiwa na Pijo 404. Akaja kwa Ove Andersson, 1975, 504. Akamaliza na Jean-Pierre Nicolas, 1978, 504 tena. "Kwa hivyo unauza gari la mashindano," akasema, "ununue gari la mashindano." (Yao hayakuwa na safu ya tatu ya kubebea mashangazi, lakini sikuthubutu kusema.) Nami nikatoa langu: mwaka 1991, Mazda ya injini ya rotari ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, kule Ufaransa.

"Ufaransa kuna lami," baba akasema. "Walipita Mau Summit?"

Sikuwa na jibu, lakini nilikuwa na meli iliyokaribia Mombasa. Broka akanipatia mnunuzi, mzee wa Elburgon aliyetaka kitu cha kupeleka mitungi ya maziwa barabarani. Tukapatana elfu tisini na tano. Siku ikawekwa, Jumamosi.

Jumamosi hiyo niliamshwa na sauti ya maji. Haikuwa imegonga saa kumi na mbili, na mnajua baridi ya Nakuru ya mwezi wa saba ilivyo. Nikachungulia dirishani. Baba alikuwa amekunja suruali hadi magotini, beseni mbili mbele yake, moja ya Omo na moja ya kusuuza, anaosha Pijo. Haoshi kama watu wa car wash wanavyoosha, kwa kurushia maji. Alikuwa anaenda kipande kwa kipande. Alitoa kofia za magurudumu, akazipanga kwenye ukuta, akazisugua moja moja kwa majivu. Alichukua mswaki wa zamani akaingia katikati ya meno ya grili, akamzunguka yule simba wa mbele, masharubu na mkia. Akafungua milango yote, akatoa mazulia, akayapigapiga kwenye mti wa parachichi. Chini ya kiti cha safu ya tatu alipata sarafu, ile ya shilingi tano yenye pembe nyingi, akaitazama, akairudisha palepale.

Nilitoka nikamwambia, "Baba, acha nikusaidie." Akanipa kitambaa. Nikapangusa dirisha moja. Akaja nyuma yangu akalipangusa tena.

Kilichokuwa kinanikera ni kwamba gari hilo lingefika Elburgon jioni hiyo likiwa limepakwa matope hadi kwenye paa. Yeye alijua kuliko mimi. Alikuwa amepita huko nikiwa sijazaliwa.

Mnunuzi alifika saa tatu, koti refu, gumbuti miguuni. Mimi ndiye niliyekuwa muuzaji, jina langu ndilo lililokuwa kwenye logibuku, lakini alimsalimia baba, nao wakaondoka pamoja kulizunguka gari kana kwamba mimi ni wa kufungua geti. Nikawa nasikia vipande tu. "Kanyaga mafuta mara mbili, halafu ndio upige stata." "Mlango huu unauinua kidogo, ndio unakubali kufunga." "Gia ya kwanza usiitafute na hasira." Yule mzee alikuwa anaitikia kila neno, mkono mmoja juu ya boneti kama mtu anayempima ng'ombe joto.

Kisha akatoa simu. Wakati huo M-Pesa haikuruhusu zaidi ya elfu sabini kwa mara moja, kwa hivyo akatuma mara mbili. Simu yangu ikalia: sabini. Baba alikuwa ameinama akikausha taa ya nyuma kwa fulana. Hakuinuka. Ikalia tena: ishirini na tano. Hakuinuka. Nilitamani angalau ningekuwa nimeizima sauti.

Gari likawashwa. Baba akapiga kelele, "Ngoja!" Nikadhani amebadili nia, na nitasema ukweli, kuna sehemu ndogo yangu iliyofurahi. Akaenda nyuma, akapiga goti kwenye maji ya sabuni, akatoa jiwe lililokuwa chini ya gurudumu. Jiwe jeusi la volkano ya Menengai, lenye vitundu vitundu, limekaa pale tangu breki ya mkono ilipokufa, upande mmoja limechimbika umbo la tairi. Akalipeleka kwenye bomba. Akaliosha. Akalikausha kwa ile fulana. Akamkabidhi mzee wa Elburgon kwa mikono miwili kupitia dirishani.

"Hili nalo ni la gari."

Yule mzee akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka kwenye kiti cha abiria.

Mengine ni mafupi. Mazda ilikuja, watoto wa mtaa wakaja kuipiga picha, na kwa wiki mbili nilikuwa mtu. Kisha nikajua kila tuta la Nakuru kwa jina. Nikajua pia kwamba injini hiyo hujinyunyizia oili ndani kwa makusudi, ndivyo ilivyoundwa, na unaongeza kila mara. Baba aliniona na kopo la oili, akacheka kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi: "Yangu ilikuwa inavuja. Yako inakunywa." Asubuhi moja niliisogeza mita mbili mpangaji apitishe kitanda, nikaizima ikiwa bado baridi. Mwenye rotari hafanyi hivyo. Petroli ilijaa ndani, ikakataa kuwaka kwa siku nne, na fundi niliyemleta alifungua boneti, akatazama kwa muda, akaniuliza plagi ziko wapi. Mwaka wa 2016 niliiuza kwa kijana wa Eldoret. Niliiosha? Hapana. Niliipeleka car wash.

Haya nilimsimulia binti yangu, si yote. Sehemu ya jiwe ndiyo aliyoishika.

"Sasa hilo jiwe liko wapi?"

Mzee wa Elburgon alikuwa akimpigia baba, si mimi, kila Pijo ilipogoma. Mwanzo ilikuwa kabureta, baadaye wakawa wanaongea mambo ya ng'ombe. Mara mbili alikuja kumchukua nayo, wakashinda huko. Sikuwa nimesikia habari yake kwa muda, wala sikuuliza.

Baba akapangusa mikono, akatafuta namba, akaweka spika ili mtoto asikie. Tukasimama sote watatu kando ya doa. Simu ikaita, ikaita, hadi ikakatika yenyewe.

"Atakuwa anaendesha," baba akasema, akarudi kwa chungwa lake.