Mikeka ya shangazi, wiki ya tisa: stetasi imevuka watazamaji 41

Hatimaye imevuka. Kwa wiki sita mfululizo stetasi ya WhatsApp ninayouzia mikeka ya shangazi ilikwama kwenye watazamaji 41, niandike hadithi fupi au ndefu, niweke picha asubuhi au usiku, na ukaidi wa namba hiyo ulianza kuninyima usingizi.

Nililaumu hadithi. Nikaiandika upya mara nne: ukindu unavyokatwa, unavyoanikwa, unavyochanwa chane na kuchemshwa katika sufuria ya rangi, hadi shangazi anapoketi barazani na shazia yake, sindano kubwa ya kushonea mikeka, kuunganisha ukili kwa ukili, yaani ukanda uliosukwa kwa ukanda. Watu waliisifu, lakini walioisifu walikuwa wale wale. Kumbe stetasi ya WhatsApp huonwa tu na mtu niliyehifadhi namba yake naye akahifadhi yangu, na orodha ya matangazo, ile ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi, haimfikii asiyenihifadhi. Wateja walikuwa wakiuliza bei na kuondoka bila kunihifadhi, kwa hiyo muda wote huo nilikuwa nikiwasimulia ndugu na majirani.

Ufumbuzi ulitoka kwenye bao. Katika bao la Kiswahili mchezaji huanza na kete 22 mkononi, naye hunamua, yaani huziingiza ubaoni, moja moja kila zamu. Mimi nilikuwa nikizimwaga zote kwa pupa, hadithi nzima na punguzo siku moja, kisha baada ya saa 24 stetasi inafutika na mteja hana sababu ya kurudi. Punguzo ndilo nyumba yangu, yaani lile shimo la kulimbikizia kete, na mchezaji mzuri, kete yake ya mwisho ikiangukia nyumba baada ya kula kete za mpinzani, anaweza kuchagua kulala, yaani kukomea hapo, badala ya kusafiri, yaani kuzichota na kuendelea kuzisambaza, akaiacha nyumba inenepe.

Sasa anayeuliza bei namtajia bei kwanza, kwa sababu kumficha mtu bei ni kumkosea heshima, kisha namwandikia neno moja: «Kitendawili!» Bado sijampata aliyeliacha neno hilo bila kujibu «Tega!» Namtegea: «Nilizaliwa kijani, nikachemshwa nikawa mwekundu, sasa nalaliwa.» Jibu, namwambia, litatoka kesho kwenye stetasi, kwa hiyo aihifadhi namba hii, nami nahifadhi yake papo hapo. Kwa siku tisa watazamaji wamefika 68 na mikeka mitano imeuzika, miwili kati yake kwa watu waliouliza bei zamani wakanyamaza. Nimefurahi kupita kiasi.

Kuhusu vifaa, lebo za WhatsApp Business zimenifaa kuliko daftari, maana naona mara moja nani yuko kwenye kitendawili na nani amekwisha kulipa. Programu za kung'arisha picha nimeziacha kabisa, kwa sababu zinageuza wekundu wa shangazi kuwa rangi ya chungwa, na mteja akifungua mzigo hukuta mkeka mwingine. Mwanga wa mlangoni saa kumi jioni unatosha.

Video ya kuchemsha rangi niliyoipanga wiki hii haikupigwa. Shangazi alivisikia vitendawili, akasema anaweza kusuka kimoja kwenye ukingo wa mkeka, kwa herufi nyeusi, na jibu akalijua mnunuzi peke yake. Chane zimekwisha kuchovywa. Herufi ya K imemkatalia mara mbili, na leo jioni ataifumua aanze upya.