Sarafu ya bahti kumi

Mwanangu wa mwisho ni mpekuzi. Juzi kaibuka na ule mkoba ninaotunzia pasipoti zilizokwisha muda, kaukung'uta kitandani, ikadondoka sarafu moja. Ukingo mweupe, katikati njano, mfalme upande mmoja na hekalu upande wa pili.

"Mama, hii hela ya wapi?"

"Ya Thailand."

"Inanunua nini?"

Swali jepesi, lakini nilikaa nalo. Tangu Thailand na Kambodia wapigane zile siku tano za Julai 2025, picha za lango la Poipet, mji wa Kambodia mpakani na Thailand, lililofungwa zimekuwa zikinijia kwenye simu bila kuzitafuta, na kila mara naangalia watu wake kabla sijasoma habari yenyewe. Namtafuta mtu ambaye hata nikimwona sitamjua.

Ilikuwa Machi 2013, nilipokuwa kwenye kozi Bangkok, mji mkuu wa Thailand. Tulipewa siku nne za mapumziko. Wenzangu wakapanda ndege kwenda visiwani. Mimi posho ilikuwa imeshageuka mabati ya nyumba ya Tunduma, na bado nilitaka kuiona Angkor Wat, lile hekalu la kale la Kambodia, kabla sijarudi nyumbani. Basi nikapiga hesabu za maskini. Treni ya daraja la tatu kutoka Hua Lamphong, stesheni ya Bangkok, hadi Aranyaprathet, mji wa Thailand karibu na mpaka, bahti 48, kama shilingi elfu mbili na mia tano za wakati ule. Viza ya Kambodia dola 20, unabandikiwa palepale mpakani. Kilichouma ni bahti 1,000 za kibali cha kurudi, maana viza yangu ya Thailand ilikuwa ya kuingia mara moja, na ukitoka bila kibali hicho umeiua mwenyewe.

Treni iliondoka saa kumi na mbili kasoro dakika tano alfajiri. Madirisha wazi, vumbi, mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, wachuuzi wakipita na kuku wa kuchoma waliobanwa kwenye vijiti. Kama saa sita mchana hivi nilikuwa kwenye bajaji kuelekea mpakani.

Dereva hakunipeleka mpakani. Alinishusha mbele ya kijumba chenye bendera, meza na mtu aliyevaa shati lililopigwa pasi ya kukata, akaniambia hapo ndipo ubalozi wa Kambodia na viza zote hutolewa hapo. Bei yao ilikuwa karibu mara mbili. Nikarudi ndani ya bajaji, nikakunja mikono.

"Mpakani," nikasema.

"Ubalozi ndiyo huu."

"Mpakani."

Alijaribu mara ya tatu, akaniangalia vizuri, akacheka, akawasha chombo.

Nilijisikia vizuri mno, nakiri. Mimi mtoto wa Tunduma, bwana. Kwetu mpaka ni mtaa: nyumba hii Tanzania, ya jirani iko Nakonde, Zambia, na kuku hawajui tofauti. Nimekua nikiwaona wabadilisha fedha wakihesabu noti mbele ya mgeni, noti zinapungua huku macho yake yamezitolea. Nani wa kunitapeli mpakani? Hata pale nje ya soko la Rong Kluea nilitembea kama mwenyeji. Mikokoteni ilikuwa inapita imerundikwa marobota ya mitumba kupita urefu wa mtu, mmoja anavuta mbele na wawili wanasukuma kwa vifua, nikacheka peke yangu. Nimesafiri kote huko kuja kukutana na mitumba.

Nikagongewa muhuri wa kutoka Thailand, nikatokea kwenye daraja.

Ni daraja fupi juu ya kijito cheusi. Mbele kuna tao kubwa lililochongwa kama minara ya Angkor. Katikati hapo, baada ya muhuri wa nchi moja na kabla ya muhuri wa nyingine, kulijaa kasino. Thailand ilizipiga marufuku, kwa hiyo Wathai walikuwa wakivuka hatua chache kuja kucheza, na wenyeji wa Kambodia nao sheria yao inawakataza kucheza humo. Kwa hiyo wenye nchi walikuwa wanafagia na kugawa karata. Jua lilikuwa la utosini, lile la Machi linalokaa juu ya kichwa kama ndoo.

Halafu jua likaondoka.

Nikainua macho nikaona kitambaa cha bluu, njiti mbili zimechomoza. Nikashusha macho nikaona mkono, kisha mtoto. Miaka tisa, labda kumi. Alinifika kifuani, kwa hiyo ili mwavuli upite juu ya kilemba changu ilimbidi anyooshe mkono wote na kutembea kwa ncha za vidole, ndala zake zikipiga lami nusunusu. Hakuniangalia. Aliangalia kivuli chini, kama fundi anayeangalia uzi wa timazi, akikirekebisha kila nilipopinda.

"Madamu, bahti kumi."

Nikatikisa kichwa, nikasogea kushoto. Kivuli kikasogea kushoto. Nikaharakisha, akaharakisha. Nikasimama ghafla, akasimama, mwavuli ukanigonga paji la uso, akasema neno ambalo nadhani lilikuwa samahani. Nikacheka. Na yeye akacheka, ana pengo. Nikamwonyesha vidole vitano: bahti tano. Naye akafungua kiganja mara mbili. Kumi. Hakushuka hata moja, na nikampenda kwa hilo, maana mimi mwenyewe umri wake sikuwa na msimamo huo.

Umri wake mimi nilikuwa navusha sukari. Kilo mbili ndani ya sweta ya shule, kutoka Nakonde, kwa njia za panya, kwa mama mmoja muuza duka ambaye simtaji kwa sababu wajukuu zake wapo. Siku moja baada ya kuvusha mara tatu alinilipa andazi. Andazi moja, la jana. Nimemsema yule mama kwa miaka thelathini. Kila nikipita pale dukani kwake nalikumbuka lile andazi.

Basi nikatembea kivulini na yule dogo, polepole sasa, kwa sababu niliona mkono umeanza kutetemeka. Akaubadilisha mkono bila kuacha jua lipite. Nilitaka kumwambia naijua kazi hii. Kwa lugha gani? Nikamwambia kwa Kiswahili, "Pole, mwanangu." Akaitikia kitu. Tukafika kwenye ofisi ya viza.

Hapo nikafungua pochi. Dola 20 za viza, dola nyingine za safari nimezikunja ndani kabisa, na noti moja ya bahti 100. Nikamwonyesha kwa mkono: subiri, natafuta chenji. Akaelewa. Akaufunga mwavuli, akachuchumaa ukutani.

Ndani nilikaa kama nusu saa. Fomu, picha, foleni, kibandiko kinachojaza ukurasa mzima wa pasipoti. Chenji sikuuliza. Sijui kwa nini. Nilisahau, au nilijiambia nimesahau.

Miaka yote hii nimekuwa nikisimulia kwamba nilipotoka sikumkuta. Hata Baba Junior nilimsimulia hivyo, na mama yangu pia. Si kweli. Alikuwepo, ng'ambo ya barabara, na wazungu wawili, mume na mke, anahangaika kuwafunika wote wawili kwa mwavuli mmoja. Aliponiona aliuinua juu, akaupunga. Hakuja kudai. Aliupunga tu, kama mtu anayekuambia nipo hapa.

Nami nilikuwa na noti ya mia.

Mia ni mara kumi ya kumi. Hesabu hiyo niliipiga haraka sana, kuliko hesabu zote za safari ile. Nikageuza shingo, nikaungana na kundi la watu waliokuwa wanaelekea kwenye muhuri wa kuingia, nikatembea na jua langu.

Yaliyobaki hayana maneno mengi. Teksi ya kuchangia hadi Siem Reap, kilomita 150 na kitu, abiria tumebanana, gari sasa linakwenda upande wa kulia na mimi kila tukipishana na lori nakanyaga breki isiyokuwepo. Angkor Wat nimeiona. Ni kubwa na nzuri, nendeni. Kwenye nyumba ya wageni kulikuwa na bango la kuwaomba wasafiri wasiwape watoto fedha wala kununua vitu kwao, kwa sababu inawaondoa shuleni. Nililisoma mara mbili. Nilifurahi kulipata, kama mtu aliyepata shahidi wa uongo. Usiku nikawaza kwamba aliyeliandika huenda ana haki kabisa. Nikawaza pia kwamba ile sukari ndiyo iliyoninunulia madaftari. Yote mawili yalilala na mimi, na hakuna lililomsukuma mwenzake kitandani.

Siku ya kurudi niliomba chenji tangu Siem Reap hadi nikapata sarafu ya bahti kumi, nikaishika mkononi. Nilifika Poipet asubuhi mapema. Jua lilikuwa bado chini, la kuota tu. Mikokoteni ilikuwepo. Hakukuwa na mwavuli hata mmoja. Nani ananunua kivuli saa moja asubuhi? Nilisubiri kidogo. Si sana. Treni yangu ilikuwa ya saa nane kasoro dakika tano mchana, kwa hiyo muda nilikuwa nao, msiniulize.

Leo atakuwa na miaka ishirini na kitu. Ndiyo maana naangalia zile picha. Kuna vijana wenye bunduki, kuna vijana wanaosukuma magodoro kwenye mikokoteni, na simu yangu ni ndogo.

"Mama, nimekuuliza, inanunua nini?"

"Kwetu hainunui kitu."

"Basi nipe mimi."

Nikamwambia airudishe alikoitoa.