Nilivyoacha kuchanganya parce que, car, puisque na comme

Nianze na hili maana limenipotezea karibu mwaka mzima: ukimuuliza mtu tofauti ya haya maneno manne ya Kifaransa akakwambia "zote ni kwa sababu, kariri tu", mshukuru halafu tafuta mwingine. Mimi niliambiwa hivyo kwenye kozi ya jioni niliyolipia laki mbili na ushee, nikakariri kweli, nikawa nachomeka lolote linalonijia.

Nipo ofisi ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar, wateja wengi wa Kongo, mzigo ukitoka unapita Tunduma, unakata Zambia mpaka Kasumbalesa ndo unaingia kwao. Kuongea tunaongea Kiswahili ila barua wanataka Kifaransa. Siku hiyo kontena la mzee mmoja wa Lubumbashi likakwama, mwenyewe hana habari, nikaambiwa mwandikie. Nikaandika: Puisque votre conteneur est bloqué au port, le camion partira lundi, nikimaanisha kwa sababu kontena lako limekwama bandarini, lori litaondoka Jumatatu. Nusu saa haikuisha jibu likaja, mstari mmoja tu: "Puisque ? Qui m'a prévenu ?" Yaani nani kamtaarifu. Kisha akampigia bosi, analalamika tunamfanya kama alishaambiwa akasahau, na bosi akanigeukia mimi. Nikairudia ile sentensi mara kumi, sarufi safi, kosa silioni. Iliniuma sana.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja wa Lubumbashi anauza vitenge Kariakoo. Nikampa simu, akafunika sentensi yote kwa kidole gumba akaliacha puisque peke yake. "Kaka, hii ni ya jambo tunalijua wote wawili. Yule papa alikuwa hajui. Ungeanza na comme."

Jioni nipo kwenye mwendokasi nimesimama, namsikia mama mmoja anaongea na simu, "Maadamu umeshafika, nisubiri hapohapo." Hapo ndo ikaingia. Maadamu! Ndo puisque yenyewe, sababu ambayo mwenzako anayo tayari: Puisque tu es là, mangeons, maadamu upo, tule. Kumbe Kiswahili chetu kimeshazigawa zote na hakuna aliyewahi kuniambia. Kwa vile daladala zilijaa, nikatembea: hiyo ni comme, inakaa mwanzo, sababu kwanza tokeo baadaye. Sitoki leo, maana naumwa: hiyo ni car, inakaa katikati, na zaidi utaikuta kwenye maandishi. Mtu akikuuliza pourquoi usimjibu kwa car, wala kwa comme, mjibu parce que, kama sisi "kwa nini" tunavyoijibu na "kwa sababu". Na c'est car hakuna, ni c'est parce que.

Kitu kingine watu wanateleza, parce que inataka sentensi nzima nyuma yake, ukiwa na jina tupu ni à cause de. Kwa sababu mvua imenyesha, parce qu'il a plu. Kwa sababu ya mvua, à cause de la pluie. Ile "ya" ndo "de" yenyewe! Na kama sababu imekuletea heri weka grâce à, usimwambie mtu umefaulu à cause de yeye, atadhani unamlaumu.

Nikaanza kuandika sentensi tano kila usiku, kwanza za Kiswahili cha nyumbani kabisa ndo nazipeleka kwenye Kifaransa. Mnaojiandaa na DELF B2, ule mtihani wa Kifaransa wa ngazi ya B2, ile insha ya maneno 250 inataka utoe hoja na sababu zake, sasa ukijaza parce que mwanzo mwisho inachosha msomaji, zibadilishe, ila kila moja mahali pake. Bien que (ingawa) na pour que (ili) ni habari nyingine, zile zinataka subjonctif, yaani kitenzi kinabadilika umbo, zilinichukua muda wake.

Wiki kadhaa baadaye mvua ikakata barabara, mzigo wa mzee yuleyule uko njiani. Nikamwandikia mwenyewe bila kutumwa: Comme la route est coupée, votre camion est encore à Mbeya, kwa vile barabara imekatika, lori lako bado lipo Mbeya. Akajibu, "Bien reçu, merci mon fils." Yaani nimepata, asante mwanangu. Ile meseji ninayo mpaka leo.